Kufunga inveta: nyutro zisichanganywe

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, imefika, 3kVA ya volti 24, na betri mbili za jeli, kila moja 12V 200Ah. Fundi niliyeletewa anasema hakuna haja ya kugusa DB (sanduku la breka). Atatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, achomeke umeme unaotoka kwenye inveta kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima iwake. Fundi Juma, Baba Salum, mnasemaje?

Baba Salum: Mzuie, Mama Neema! Plagi hiyo ikichomoka upande mmoja, pini zake ziko wazi na zina 230V. Na siku meni switchi ikisahaulika on, umeme wako unatoka kwenda kwenye nguzo. Kama mtaa mzima umeunganishwa, inveta itaelemewa na kujizima. Kama laini ya mtaani imekatika karibu na kwako, hakuna mzigo wa kuizima, na aliyepanda nguzo kutengeneza ndiye atakayeupata.

Fundi Juma: Na umeme wa TANESCO ukirudi wakati inveta inafanya kazi, vyanzo viwili vinagongana. Transista za nguvu za inveta hupasuka hapo hapo.

Fundi Juma: Njia sahihi ni hii. Kutoka DB kubwa, toa breka ya 32A na waya wa 6mm² uende AC IN ya inveta (pa kuingizia umeme). AC OUT (pa kutolea) iende DB ndogo mpya kupitia breka ya 16A. Saketi unazotaka ziwake umeme ukikatika, yaani taa, soketi za sebule na friji, zihamishwe kwenye DB ndogo. Zihame kabisa, laini (waya unaoleta umeme) PAMOJA na nyutro yake (waya wa kuurudisha).

Mzee Mbwana: Hapo kwenye nyutro eleza vizuri, mwanangu. Wengi wanahamisha waya wa laini tu.

Fundi Juma: Shikamoo mzee. Kweli, kosa liko hapo. Ukiacha nyutro kwenye DB kubwa, TANESCO ikiwepo kila kitu kinawaka, mwenye nyumba analipa na fundi anaondoka. Umeme ukikatika, inveta nyingi zinakata laini na nyutro ya upande wa kuingia kwa pamoja. Mkondo unakosa njia ya kurudi, taa haziwaki ingawa betri imejaa. Anaitwa fundi mwingine, anaunganisha nyutro za DB zote mbili kwa kipande cha waya. Sasa mkondo unarudi kwa njia mbili, na kama DB ndogo ina RCD (swichi inayokata umeme ikiona unaotoka na unaorudi haulingani) inaanguka kila mara. Mwisho wanaitoa RCD, na ndiyo inayomlinda mtoto akigusa waya.

Mzee Mbwana: Marahaba. Ongeza na ethi, waya wa ardhini. Inveta ikiwa kwenye betri, pima volti kati ya nyutro na ethi kwenye soketi. Karibu na 0, sawa. Ukiona mia na kitu, nyutro inaelea, yaani haijaunganishwa na ethi, na RCD haitaanguka mtu akipigwa shoti kwenda ardhini.

Fundi Juma: Baadhi ya inveta zina rilei (swichi inayojiendesha yenyewe) ya kuunganisha nyutro na ethi zikiwa kwenye betri tu, unaiwasha kwenye settings. Kama haina, inafungwa rilei ya nje. Usiunganishe moja kwa moja kwa waya wa kudumu: TANESCO ikipita, RCD ya DB kubwa itaanguka.

Mama Neema: Asanteni sana. Na upande wa betri? Ameleta waya wa 16mm².

Baba Salum: Mdogo. Mzigo wa juu wa inveta yako, 2400W, kwa 24V ni 100A. Ukiweka upotevu na betri iliyoshuka, unafika 116A hivi. Chukua 35mm², urefu usizidi mita 1.5. Waya mwembamba unapata moto na volti zinapotea njiani: inveta inalia betri imeisha, ukipima kwenye betri yenyewe unakuta 24.8V. Fyuzi ya DC (umeme wa betri) 150A ikae kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Breka ya kawaida ya AC haifai hapo, cheche ya DC haikatiki kirahisi ndani yake.

Baba Salum: Lagi, vile vichwa vya waya, zibanwe kwa mashine, siyo nyundo. Nati iliyolegea ndiyo inayoyeyusha kichwa cha betri.

Fundi Juma: Betri mbili unazifunga mfululizo upate 24V. Settings: bulk (volti ya kujaza) 28.2V, float (ya kudumisha ikishajaa) 27.4V, au zile zilizoandikwa kwenye betri. Chaji ya TANESCO iwe 20A hadi 40A. Inveta nyingi zinakuja na 60A, ni nyingi kwa jeli ya 200Ah. Ukija kubadilisha kuwa lithiamu, settings hizi zote zinabadilika.

Dada Rehema: Zitakaa saa ngapi?

Baba Salum: 24V × 200Ah ni 4800Wh. Jeli tumia nusu, 2400Wh. Toa upotevu wa inveta, ibaki kama 2100Wh. Friji wastani 75W, TV 80W, taa sita za 9W, ruta 12W, feni 60W, na inveta yenyewe inakula kama 45W hata bila mzigo. Jumla 326W, saa sita na nusu hivi. Pasi na birika zibaki DB kubwa.

Dada Rehema: Mimi nina paneli tatu za 550W, inveta yangu imeandikwa PV max 145V, yaani volti za juu kabisa kutoka kwenye paneli. Nizifunge mfululizo?

Fundi Juma: Hapana dada. Kila moja ina Voc (volti bila mzigo) karibu 50V, tatu ni 150V, na baridi huzipandisha zaidi: unaiunguza inveta asubuhi ya kwanza yenye baridi. Zifunge sambamba zote tatu. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kutoa, anza na paneli.

Mama Neema: Betri nilitaka ziwe stoo ya jikoni.

Mzee Mbwana: Jiko la gesi liko upande wa pili wa ukuta ule, Mama Neema. Joto likizidi 25°C kwa nyuzi 10, umri wa betri za risasi, kama hizi za jeli, unapungua karibu nusu. Ziweke korido ya nyuma, kivulini, hewa ipite.

Fundi Juma: Mama Neema, kesho zima meni, fungua kifuniko cha DB, usiguse kitu, nitumie picha. Nataka kuhesabu nyutro kabla ya kununua waya.