Avoka (mparachichi) ya jirani iko juu ya bati zangu: tupeane uzoefu

Mama wa Ibanda (Bukavu)
Wapendwa, avoka ya papa jirani imesimama kwake karibu na ukuta, lakini nusu ya matawi iko juu ya nyumba yangu. Tawi moja lilishaanguka likapinda bati mbili. Tangu mvua zirudi mwezi wa tisa, upepo ukivuma usiku naamsha watoto, wanalala sebuleni. Huyu papa ndiye alisimama nami siku za matanga ya mume wangu. Sitaki kumshitaki. Ila naogopa. Nani alipitia hili?

Wa Kadutu
Pole sana mama. Kwetu nyumba zimepandana mlimani. Mizizi ya mkaratusi wa jirani wa juu ilipasua ukuta wangu unaoshika udongo. Nikaikata upande wangu bila kumwambia, nikijua niko kwangu. Mwezi wa nne mvua kubwa ikapiga, mti ukalala: jiko langu likavunjika na choo chake pia. Nilikuwa nimeukata miguu. Hadi leo najuta.

Muzee wa Nyawera
Binti yangu, nilikuwa karani wa tribinali miaka mingi, na kesi nyingi za miti nilizoona zilikuwa kesi za mpaka. Tafuteni kwanza borni za kadastre, yaani mawe ya mpaka yaliyowekwa na ofisi ya kupima viwanja. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Dola. Sisi tuna haki ya kuutumia, na nyumba na miti vinatazamwa kando na udongo. Kisha kuna artikeli 258 ya Kodi Sivili (sheria ya madai kati ya raia), kitabu cha tatu: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Neno zito hapo ni kosa. Mti ukianguka ghafla, atasema ni upepo wa Mungu. Kama alishapewa barua, picha zipo na shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa) alifika akaona, atasema nini? Hiyo barua si vita. Iandike kwa heshima, ubaki na kopi yenye sinyatire (sahihi) yake.

Dada wa Goma
Huku tumejenga juu ya mawe ya volkano ya 2002. Mizizi haizami, inatambaa tu juu ya jiwe. Mti wetu wa greveriya uling'oka mzima, bahati haikumpata mtu. Sasa na jirani tunapunguza matawi kabla ya mvua, kuni tunagawana.

Niko Lyon
Huku Ufaransa artikeli 673 ya Kodi Sivili yao inasema matawi yakivuka, jirani anaweza kumlazimisha mwenye mti ayakate. Mizizi iliyoingia kwake huyo jirani anaikata mwenyewe. Matunda ya matawi hayo yaliyoanguka yenyewe ni ya huyo jirani. Naandika kwa sababu nyumbani watu wanaitaja kama sheria ya Kongo. Ni ya Ufaransa. Msiende nayo kwa shefu.

Mama wa Ibanda
Aksanti Muzee, aksanti wote. Jana nilienda na dada yangu mkubwa pamoja na shefu wa avenue. Papa alinyamaza sana, kisha akasema avoka ilipandwa na marehemu mama yake. Sikujua. Nikamwambia mti ubaki, nahitaji tu yale matawi mawili makubwa yaondoke. Amekubali, tumeandika, shefu ameweka sinyatire. Sasa natafuta mtu anayejua kupanda na kamba, ashushe matawi polepole yasipige bati. Mwenye kumjua hapa Bukavu aniambie, na bei yake.