Ukoo wa Babu (Habari Njema Tu)

IJUMAA

Zuhura, 19:42
Assalamu alaykum. Shikamooni wakubwa wote. Kesho alfajiri naenda Amani na wenzangu wa kundi la ndege. Tunalala usiku mmoja, Jumapili jioni nipo nyumbani inshaallah.

Mama Zuhura, 19:44
Waalaykum salaam. Amani ipi? Ya Muheza, juu kule? Na mvua hii?

Zuhura, 19:44
Hiyo hiyo mama

Mama Zuhura, 19:46
Tangu Jumatatu Chumbageni hatujaliona jua, kanga zangu zinanuka uvundo kwenye kamba. Wewe unaifuata mvua nyumbani kwao.

Mjomba Hamisi, 19:50
Kundi la ndege ndiyo nini? Mnafuga kuku?

Zuhura, 19:51
Marahaba ya shikamoo yangu kwanza mjomba 😂 Tunaangalia ndege kwa darubini. Tuko tisa, yupo mwalimu wa baiolojia, nesi, hata fundi simu wa pale sokoni. Huyo anamjua ndege kwa sauti kabla hajamwona.

Mjomba Hamisi, 19:52
Marahaba. Mnaangalia, halafu?

Zuhura, 19:52
Halafu tunaandika tumeona nini, wapi, wangapi

Mjomba Hamisi, 19:53
Haya. Wengine tunaangalia bei ya nyama.

Mama Mdogo, 19:58
Samahani kuwaingilia. Mchango wa harusi mwisho ni tarehe 30. Kuna watu wamesoma ujumbe wangu wa juzi wakanyamaza, tiki za bluu naziona.

Salim Muscat, 20:01
Shangazi mimi nimeshatuma

Mama Mdogo, 20:01
Wewe nakujua baba, Mungu akuzidishie. Nawasema waliopo hapahapa Tanga.

Babu, 20:30
Mke wangu Zuhura chukua gambuti. Suruali uichomeke ndani ya soksi. Siafu wa kule hawaulizi mtu ni mtoto wa nani. Ni mimi Babu.

Zuhura, 20:31
Sawa mume wangu. Babu, si lazima kuandika "ni mimi Babu", jina linaonekana juu

Babu, 20:40
Nimeelewa. Ni mimi Babu.

JUMAMOSI

Zuhura, 07:55
Tumefika Muheza. Manyunyu tu. Tumenunua machungwa kapu zima.

Zuhura, 09:48
Tuko geti la Sigi. Hapa nyumba ya mbao ya mkuu wa stesheni wa Kijerumani bado imesimama, ndiyo kituo cha maelezo kwa wageni. Kulipia kiingilio kwa kontroo namba mtandao umezunguka dakika ishirini. Mvua imeanza kwelikweli.

Babu, 09:55
Reli ilitoka Tengeni ikaishia hapo Sigi, Wajerumani wakishushia mbao. Marehemu baba yangu alinionyesha tuta lake nikiwa mdogo. Ni mimi Babu.

Mama Zuhura, 09:57
Umekula?

Zuhura, 10:20
Ndiyo mama. Gari limegoma kwenye kona ya kwanza ya mlima, linarudi nyuma lenyewe kama limetiwa sabuni. Dereva kasema yeye ana watoto. Tunapanda kwa miguu na mwongozaji wa hifadhi. Mizigo itakuja na bodaboda, wamefunga minyororo kwenye matairi.

Mama Zuhura, 10:21
KWA MIGUU?

Mama Zuhura, 10:21
Zuhura

Mama Zuhura, 10:34
Zuhura pokea simu

Mama Zuhura, 11:50
Hamisi mpigie na wewe, labda mimi kaniblok

Mjomba Hamisi, 11:58
Dada haipatikani. Wapo msituni, minara haioti kule.

Mama Zuhura, 13:15
Masaa matatu sasa kimya. Ardhi ya mlimani ikilowa inaporomoka, tunaona kwenye taarifa ya habari.

Babu, 13:30
Mwanangu tulia. Ile njia naijua, nimeipanda usiku na mchana. Kutoka Sigi hadi Amani mtu mzima kwenye mvua ni nusu siku, na hawa wanasimama kila mti kuangalia kunguru. Ni mimi Babu.

Mama Mdogo, 13:41
Dada kunywa chai. Halafu tarehe 30.

Mama Zuhura, 13:42
Ujumbe huu umefutwa

Mama Mdogo, 13:42
Nimeusoma kabla hujaufuta

Zuhura, 16:12
[picha]
[picha]
[picha]

Zuhura, 16:13
Tumefika! Wazima wote! Mtandao unashika hapa upenuni tu, nikisogea hatua mbili unakata. Mama nisamehe, nimeona simu zako 14.

Mama Zuhura, 16:13
17

Zuhura, 16:31
Haya nimekaa, nawahadithia. Mvua ya msituni si kama ya mjini. Kwanza unaisikia juu, majani yanapiga kelele, wewe chini bado mkavu. Ukishajisifu kwamba mwavuli wa nini, inakushukia yote, matone makubwa kama mbegu za fenesi. Halafu mvua ikishakatika huko juu, huku chini inaendelea nusu saa nzima, miti inajikung'uta. Mwongozaji anasema mvua ya Amani haikatiki, inapumzika.

Ukungu ulishuka hadi nikawa namwona nesi begi lake tu. Darubini zikaingia mvuke, tukabaki kusikiliza. Hapo fundi simu ndiyo akawa sheikh wetu. Anainua kidole, sote kimya, anataja jina, mwalimu anaandika. Hondohondo hawakuhitaji fundi, hao wakipita juu mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta turubai.

Siafu tulikutana nao saa sita. Nilichomeka suruali kama ulivyosema babu, mwalimu hakuchomeka. Alicheza ngoma ambayo sijaiona hata kwenye harusi.

Mjomba Hamisi, 16:33
Video ipo?

Zuhura, 16:34
Ipo. Kakataza.

Salim Muscat, 16:36
Hiyo picha ya pili ni ua gani? La zambarau, majani yana manyoya?

Zuhura, 16:40
Ndilo nililolifuata hilo. Limejishika kwenye jiwe linalochuruzika maji pembeni ya kijito, udongo wenyewe kiganja hakijai. Majani ukiyagusa ni kama sikio la paka, na maji hayalali juu yake, yanakaa vidonge vidonge. Ndilo lile la Mama Mdogo kwenye kopo la maziwa dirishani.

Mama Mdogo, 16:42
Langu mimi? Langu ni la Kizungu, nilipewa na jirani aliyetoka Ulaya.

Zuhura, 16:45
Ni la hapahapa. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, kwa baba yake. Mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Maua ya vyungu yaliyojaa madirisha ya dunia nzima chimbuko lake ni miamba ya huku kwetu. Lako lilitoka, likazunguka, likarudi na jirani.

Salim Muscat, 16:47
Huku Muscat nimeliona supamaketi, ndani ya kiyoyozi. Sikujua kama ni ndugu yangu.

Mama Mdogo, 16:49
Kumbe nimefuga Msambaa dirishani miaka sita bila kumpa shikamoo.

Babu, 16:55
Umepita kwenye nyumba za watafiti? Kuna iliyokuwa maabara ya mbu. Ni mimi Babu.

Zuhura, 16:56
Tunalala jirani nazo babu. Hadithia, wengine hawajui.

Babu, 17:20
Wajerumani walianza hapo 1902, wakapanda miti ya kila nchi kuijaribu. Waingereza nao wakaendeleza utafiti wa kilimo, halafu baada ya vita ya pili kilimo wakakihamishia Muguga, Kenya. Amani ikabaki na malaria. Mimi niliajiriwa kukamata mbu. Unakaa kitini usiku, suruali umekunja hadi magotini, tochi mkononi. Mbu akitua mguuni unamnyonya kwa mrija wa kioo wenye kitambaa katikati asikufike mdomoni, unamtia kwenye kikombe kilichofunikwa chandarua. Kila saa kikombe chake. Asubuhi wasomi wanahesabu. Watu wa Muheza walinicheka kuwa nalipwa kwa kuumwa. Lakini mshahara ule ndio uliomsomesha Hamisi huyu anayewacheka wanaotazama ndege. Ni mimi Babu.

Mjomba Hamisi, 17:22
🙏🏾 Shikamoo baba

Mjomba Hamisi, 17:30
Ila na mimi niseme langu. Ndege wana hifadhi, sawa. Shemeji yangu alikuwa na iliki kule Derema, wakaja kuhesabu mashina, wakamlipa, shamba likarudishwa msituni. Pesa ikaisha, iliki ingekuwepo hadi leo.

Zuhura, 17:44
Mjomba nimemuuliza mwongozaji jambo hilohilo, maana yeye mwenyewe baba yake alilima iliki. Kasema iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima haukati mti mkubwa, anafyeka vichaka vya chini. Ukitazama toka mbali unasema msitu upo. Lakini ulichofyeka ndiyo miche. Siku mti mkubwa ukianguka hakuna mtoto wa kumrithi. Na pale Derema ndipo vipande viwili vya msitu vilipokuwa vinakaribia kutengana.

Mjomba Hamisi, 17:46
Kwa hiyo baba yake kalipwa kakubali?

Zuhura, 17:47
Kalipwa. Kukubali, kasema tusimuulize mzee mbele ya chakula.

Mjomba Hamisi, 17:48
Huyo kasema kweli. Nimwagizie soda.

Zuhura, 17:55
Na siyo kila mti hapa ni mwenyeji babu. Upo mmoja, Maesopsis, uliletwa ukapandwa, sasa umejaa kila penye uwazi. Hondohondo wanapenda tunda lake, wanakula, wanaruka, wanapanda mbegu kila wanapotua. Yaani ndege wetu ndio wanaompandia mgeni shamba.

Mama Zuhura, 18:02
Nguo umebadilisha?

Zuhura, 18:02
Nimebadilisha mama

Mama Zuhura, 18:03
Nywele umekausha?

Zuhura, 21:25
[picha]
Matembezi ya usiku na tochi. Angalieni kwenye jani, katikati.

Salim Muscat, 21:26
Naona jani kavu

Zuhura, 21:27
Hilo jani kavu lina macho. Ni kinyonga, mzima, hakui zaidi ya hapo. Hafiki kidole changu cha kati. Ukimmulika anatetemeka kidogo kama jani lililopigwa upepo. Yule mkubwa mwenye pembe tatu yeye tulimkuta amelala kwenye kijiti, mkia ameukunja kama kamba ya jahazi.

Mama Mdogo, 21:29
Ondoa hiyo picha kabla sijalala. Kinyonga mwenye pembe! Astaghfirullah.

Mama Zuhura, 21:30
Usimguse Zuhura

Zuhura, 21:31
Hakuna anayegusa mama, ni marufuku, na mwongozaji mwenyewe anamwogopa 😂

JUMAPILI

Babu, 06:10
Onga makeo wote. Huku Muheza imenyesha usiku kucha. Ni mimi Babu.

Zuhura, 06:40
Onga makeo babu. Huku pia. Tumeamshwa na mbega, wanakoroma kama pikipiki isiyowaka. Ndege 41 kwenye daftari, na 12 kati ya hao fundi simu kawasikia tu. Mwalimu anabisha wasihesabiwe. Bado wanabishana, chai imepoa.

Mjomba Hamisi, 06:58
Wahesabuni. Mtu anayesikia hodi hafungui mlango kwanza ndiyo aamini kuna mgeni.

Zuhura, 07:01
Nimewasomea, fundi kakusalimu sana mjomba

Zuhura, 12:50
Tumeshuka hadi Sigi. Tulikuwa tukivuka mto Zigi kwa mawe, umejaa, mwekundu. Fundi simu aliteleza, akashikwa na nesi, lakini kiatu cha kushoto kimekwenda na maji. Amevaa mfuko wa machungwa. Dereva yupo, anacheka peke yake.

Mama Zuhura, 12:52
Mto UMEJAA na mkavuka??

Zuhura, 12:53
Magotini mama, na kamba tulifunga. Tuko garini tayari, nilisubiri tuvuke ndiyo nikuambie.

Mama Zuhura, 12:54
Una akili kama za babu yako.

Babu, 13:02
Ahsante. Ni mimi Babu.

Mama Zuhura, 15:37
[picha]
Jamani bomba la kwenu likoje? Nimefungua nijaze pipa, yanatoka rangi ya chai ya rangi.

Mama Mdogo, 15:39
Hata huku. Nimefulia shela la mtoto wa watu.

Zuhura, 15:44
Yaache yatuame mama, uchemshe. Zigi ndiyo inayoingia bwawa la Mabayani, na bwawa ndilo linalotuletea. Tope hilo nimelikanyaga asubuhi.

Mjomba Hamisi, 15:45
Dada usifunge bomba. Kinga chujio, kiatu cha fundi kinakuja.

Mama Zuhura, 15:47
Hamisi wewe.

Mama Zuhura, 15:47
Ni namba ngapi anavaa?