Wenye santuri ndani: mwanamuziki akiimbia chama cha siasa, amejiuza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Kila kampeni zikikaribia naanza kusikia maneno yaleyale: fulani kapanda jukwaa la chama, fulani kajiuza. Mimi nakusanya santuri za muziki wa dansi, na nikisikia hivyo huwa naitazama rafu yangu nikajiuliza, hawa nao tuwaweke wapi? Maana nyingi ninazozipenda zilipigwa na bendi za chama, za majeshi na za mashirika ya umma. Naomba kila mwenye uzoefu aseme ya kwake.

Naanza. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo pale Ubungo. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, nao vilevile. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kuanzia magitaa mpaka matarumbeta. Mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi kama mfanyakazi mwingine, na akiacha kazi anaondoka na kipaji chake tu. Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, lilipotangazwa mwaka 1967, bendi zikalitungia nyimbo, na nyimbo hizo ninazo.

Kijana mmoja aliyekuja kusikiliza aliniuliza kwa nini natunza propaganda. Nilimwekea sahani moja, yaani santuri, nikamwomba asikilize mpaka mwisho. Nchi ilikuwa na miaka 5 tu tangu uhuru. Wale waimbaji walikuwa watoto wa makarani, wa wavuvi, wa manamba wa mashamba ya mkonge. Walipoimba kwamba shule na hospitali zitakuwa za wote, walikuwa wanaimba habari za nyumbani kwao. Wimbo wa kuamriwa nao upo, sikatai, na unautambua: waimbaji wanakimbiza maneno wafike kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya magitaa na kucheza. Lakini kuwatupa wote kwenye kapu moja ni kuwaonea.

Tena tukumbuke njia zilivyokuwa. Studio ya maana ilikuwa ya Radio Tanzania, na mashairi yalipitiwa kwanza na kamati kabla bendi haijarekodi. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Mkanda ulipelekwa Nairobi kutolewa santuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ndiyo maana bendi ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, wengi tuliijua kwa redio na kaseti, na santuri zao ni za kutafuta kwa tochi. Haya, karibuni.

Mdau wa Morogoro:

Shikamoo mkuu, umenigusa. Marehemu baba alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, kufa na kupona. Alikuwa anatueleza jinsi Morogoro Jazz walivyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, mji mzima ukajisikia umesafiri. Mbaraka alipotoka mwaka 1973 akaunda Super Volcano, kuna watu walinuna, wakasema anafuata hela. Baba hakununa. Alisema mtu akipiga gitaa namna ile ana haki ya kuwa na bendi yake. Ajali ilipomuua Januari 1979, kule pwani ya Kenya, sahani zake zikawa hazishikwi na mtoto yeyote nyumbani.

Nyingi ni zile ndogo za inchi 7, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unapata maneno, unageuza, upande wa pili ndiyo magitaa yanachemka. Vijana wanaosikiliza kwenye simu hawaujui ule muda wa kunyanyuka kwenda kugeuza sahani, watu wote wamesimama katikati ya ukumbi wanasubiri.

Kitu kingine. Kabla ya Mbaraka, mji wetu ulikuwa na Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Hilo jina la Cuban halikuja hivihivi. Zilikuwapo santuri zenye alama ya GV, za muziki wa Kuba, wazee wetu wakazisikiliza mpaka wakaanza kuzipiga kwa Kiswahili. Kwa hiyo kabla hatujaitwa wakusanyaji sisi, wanamuziki wenyewe ndio walianza, na dansi letu limetoka humo.

Mdau wa Nairobi:

Niko Nairobi, na wikendi nyingi utanipata Kenyatta Market kwa wauza rekodi. Huku mambo ya siasa na muziki yana uchungu wake. Nina rekodi za mwimbaji Joseph Kamaru, za Kikuyu. Ni mtu aliyekuwa karibu na wakubwa, na bado mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 aliimba kuhusu kifo kile. Ukiulizwa kama aliuza nafsi, utajibu kwa rekodi gani? Mimi nimeziweka zote pamoja, kwa mfuatano wa miaka, nisikie mtu akibadilika.

Halafu kuna ile ya 2002, Unbwogable (yaani asiyetishika) ya Gidi Gidi Maji Maji. Ilianza kama wimbo wa vijana wa mtaani, muungano wa upinzani wa NARC wakaibeba, ikawa wimbo wa kukiondoa chama tawala, KANU. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wazima wakiimba matatuni. Sikuona kujiuza pale. Kilichoniuma ni baadaye, wanasiasa walipoendelea kuitana kwa jina lile huku wakifanya yaleyale ya waliowaondoa. Wimbo haukuwa na kosa.

Mdau wa Muscat:

Mimi nazungumza kutoka Oman, wazee wangu ni wa Unguja. Kwetu siasa iliingia mpaka kwenye kabati. Baba aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na hakutaka kusikia chochote cha kikundi cha taarab cha Culture Musical Club, kwa kuwa asili ya kikundi kile inahusiana na vijana wa ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi. Alichokithamini ni santuri za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, na zile sahani za lebo ya Mzuri ya Mombasa ambazo jamaa walimletea.

Nilipokua nikaanza kununua za Culture mwenyewe. Nilizificha kwa muda mrefu, kwa heshima yake. Siku moja akasikia fidla kupitia mlangoni, akaingia, akakaa. Hakuuliza nani wanapiga na mimi sikumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho akaniomba nirudie. Sijui aliwatambua au la, na sikupata kumuuliza mpaka Mungu alipomchukua. Sasa zote zimo kabati moja.

Mdau wa Dar, Sinza:

Niongezee upande wa pesa. Mwaka 1985 mwimbaji Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar walitoka Sikinde, yaani Mlimani Park, wakaenda Orchestra Safari Sound, mashabiki tukawaita wamenunuliwa. Leo nikifikiri, mtu ana watoto, ameongezewa mshahara, tulitaka afanye nini?

Mwanamuziki Remmy Ongala naye, ambaye kituo chetu cha daladala kinaitwa kwa jina lake mpaka leo, alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Kuna waliosema anawapigia wazungu. Lakini sikiliza alichopeleka huko: kilio cha mnyonge, kwa Kiswahili. Na aliporudi aliimba habari za kondomu wakati ambapo kuzitaja tu ilikuwa aibu, redio ikakataa kuupiga wimbo wake. Kwangu mimi huyo hakuuza kitu.

Mwanzisha uzi:

Asanteni sana. Mdau wa Muscat, nimesoma yako mara mbili.

Niseme ninachokiona ndicho kuuza hasa. Wapo madalali wanaozunguka Tanga, Mombasa na Morogoro, wanamkuta mjane mwenye boksi la sahani uvunguni, wanampa hela ya sukari, kisha sahani moja inauzwa Ulaya kwa bei ambayo yule mama hataisikia. Wengine wanazitoa upya kwa jalada zuri, na familia ya mpigaji haipati taarifa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ipo, lakini mjukuu wa mpiga saksafoni aanzie wapi kama hata jina la babu yake halikuandikwa kwenye lebo?

Kwa hiyo nawaomba mliobakiwa na santuri: kabla hamjauza, ziingizeni kwenye kompyuta, pigeni picha lebo zote mbili, na waulizeni wazee wenu nani alipiga solo, nani ridhimu, nani besi. Yaandikeni. Anayetaka kuuza auze, hali ngumu naijua, ila ajue bei kwanza.

Wa Tanga mmenyamaza. Kwenye santuri za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz mimi nina mapengo mengi, na wapiga besi wao siwajui kwa majina. Mwenye mzee aliyecheza nao au aliyecheza kwenye kumbi zao, tafadhali.