Mtaliano wa miezi minane: kodi ya mshahara wake ni ya nani?

Mwenye Swali: Asalaam aleikum. Hapa mtaani kwetu Malindi kuna Mtaliano, tuko naye tangu Machi. Kazi yake ya kompyuta, mshahara unatoka Milano na kuingia benki ya Milano. Hapa yeye anakula samaki tu. Serikali yetu imtoze kodi ya mshahara huo? Mimi naona si haki.

Boda wa Maweni: Atozwe! Mimi nikitia petroli nimekatwa, nikituma hela kwa simu nimekatwa. Yeye ananipita na pikipiki kubwa, "ciao, ciao". Ciao haizibi mashimo.

Mhasibu Mstaafu: Sheria ya Kodi ya Mapato haijali mshahara unaingia benki gani. Mgeni asiye na nyumba ya kudumu Kenya akitimiza siku 183 ndani ya mwaka, ni mkaazi. Hata zisipotimia, anakuwa mkaazi ikiwa amekuja mwaka huo na miwili kabla yake, na wastani ukapita siku 122 kwa mwaka. Mkaazi hukatwa kodi ya ajira hata ya nje ya nchi. Kiwango cha juu ni asilimia 35.

Boda wa Maweni: Mimi nilisikia ni miezi mitatu.

Mhasibu Mstaafu: Hiyo uliisikia stejini.

Kijana wa Casuarina: Wabaneni muone watakavyohama. Huko kwao Italia, mstaafu mwenye pensheni ya nje akihamia mji mdogo wa kusini anatozwa asilimia 7 tu ya mapato yake ya nje, tangu 2019. Wenzetu wanavuta watu, sisi tunafukuza. Bila Wataliano Malindi ingekuwa nini? Ingekuwa Lamu: kimya, na punda njiani.

Mwana wa Langoni: Haya, sasa tumefikiwa. Punda wa Lamu amekula ugali wa nani? Huyo ndiye aliyebeba mawe na mchanga wa nyumba ambazo UNESCO waliziandika 2001. Tena ana hospitali yake ya bure. Wewe ukiumwa unakwenda wapi?

Kijana wa Casuarina: Bwana, nilikuwa natoa mfano tu.

Mwana wa Langoni: Mfano chukua kwenu. Tuktuk zenu zinapiga honi mpaka maiti anageuka.

Bi Mkubwa wa Shela: Wanangu, punda muacheni. Mimi nasema la nyumba. Jirani yangu mzungu, nyumba anaipangisha kwa intaneti, euro zinabaki hukohuko kwao. Mlinzi ameagizwa akiulizwa aseme wageni ni mabinamu wa tajiri. Mwezi mmoja tu nimehesabu mabinamu kumi na wawili, na mmoja Mchina.

Boda wa Maweni: 😂😂 Ukoo mkubwa huo, Bi Mkubwa.

Mhasibu Mstaafu: Pango la nyumba iliyoko Kenya ni pato la Kenya, euro zilale popote. Tena mwenye nyumba asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango.

Mama Doha: Samahani Mzee Mhasibu, umesema "nyumba ya kudumu". Binti yangu yuko Doha mwaka wa nne, kazi za ndani. Chumba chake kiko kwangu Barani, kitanda na kabati lake. Huja likizo wiki tatu. Naye je?

Mhasibu Mstaafu: Mama, hapo ndipo penye mwiba. Akihesabiwa ana nyumba ya kudumu hapa, hazitakiwi siku 183. Hata siku moja yamtosha kuwa mkaazi wa mwaka huo.

Mama Doha: Yaani mzungu ahesabiwe siku, mwanangu ahesabiwe kitanda?

Boda wa Maweni: Aa, hapo sasa hapana. Mimi nilikuwa nasema wazungu.

Mhasibu Mstaafu: Sheria haikuandika mzungu, kijana. Imeandika mtu.

Mama Doha: Kitanda nakiuza kesho.

Mwana wa Langoni: Na yule wa punda hajaomba radhi bado.

Kijana wa Casuarina: Radhi kwa punda? Yakhe, lala.

Bi Mkubwa wa Shela: Mwenye swali mwenyewe amekwenda wapi?

Mwenye Swali: Nipo, nasoma. Kusema kweli huyo Mtaliano amepanga kwangu, vyumba viwili vya nyuma. Ananipa 25,000 kwa mwezi. Nilihofia tu akibanwa yeye watanifikia na mimi.

Mhasibu Mstaafu: Ndugu yangu! 25,000 mara 12 ni 300,000. Mpaka ni 288,000 kwa mwaka, umeshauvuka. Unadaiwa asilimia 7.5 ya pango lote bila kutoa gharama: 1,875 kila mwezi, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na ushukuru, kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10.

Mwenye Swali: Na nikimshushia iwe 23,900?