Presha ya boila ya gesi inashuka kila baada ya siku chache: je, kuongeza maji kunatosha?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Nyumbani kwangu kuna boila ya gesi inayopasha maji ya rediata, yaani vyuma vya kupashia vyumba joto, pamoja na yale ya kuogea, na kwa miaka minane haijawahi kunisumbua. Tangu mwezi uliopita, hata hivyo, nikiamka asubuhi nakuta mshale wa kipimo cha presha umeshuka chini ya bar 0.5 na boila imegoma kuwaka, hivyo nalazimika kufungua vali ya kujazia maji, kupandisha presha hadi bar 1.3, kisha kuiwasha upya. Jioni, rediata zikiwa zimeshapata moto, mshale hukaribia 3. Nimezipapasa rediata zote na viungio vyake kwa karatasi kavu na sikupata hata tone. Nje ya ukuta kuna kibomba cha shaba kinachodondosha maji mara kwa mara, na jirani amenishauri nikizibe. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu.

Jibu la kwanza

Ndugu, jirani yako amepaona mahali maji yanapopotelea, lakini dawa yake ni ya hatari, na ninakusihi usikizibe kibomba hicho hata kwa dakika moja. Hiyo ndiyo njia ya kutolea maji ya vali ya usalama, ambayo katika boila nyingi za nyumbani hufunguka presha inapofika bar 3 ili mfumo usipasuke.

Swali la kujiuliza ni kwa nini presha inafika huko. Maji yakipashwa hutanuka: lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 huongezeka kwa zaidi ya lita mbili na nusu, nazo ni lazima zipate pa kwenda. Ndani ya boila, au kando yake, kuna chombo cha chuma kilichogawanywa na utando wa mpira, upande mmoja una maji na mwingine una hewa iliyojazwa kwa presha ya karibu bar 1. Maji yanapotanuka hubonyeza utando, hewa ikajikunja, na mshale ukapanda kidogo tu, pengine kutoka 1.3 hadi 1.8. Hewa hiyo ikivuja kwa miaka, maji hukosa nafasi, presha hupanda kwa kasi, vali ya usalama hufunguka na kumwaga ziada. Boila ikipoa usiku, maji hurudi katika ujazo wake wa awali huku yakiwa yamepungua, nawe asubuhi unakuta 0.5. Maelezo yako yanafanana sana na hali hii.

Tega kopo chini ya kibomba hicho jioni, bila kukifunga, uone limekusanya kiasi gani kufikia asubuhi. Kuwa mwangalifu, kwa kuwa maji yanayotoka yanaweza kuunguza.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila kuna jambo moja la kupima kabla ya kukilaumu chombo cha hewa. Angalia kama mshale unapanda hata boila ikiwa imezimwa na imepoa. Ukipanda katika hali hiyo, basi joto halihusiki. Huenda vali ya kujazia haijifungi sawasawa na maji ya bomba kuu yanapenya polepole. Ukipanda pale tu boila inapowaka, mwenzangu yuko sahihi.

Acha pia mazoea ya kuongeza maji kila siku chache. Maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni hiyo hula chuma cha rediata kwa ndani hadi ikazaa tope jeusi linalokaa chini ya rediata na kuziba njia nyembamba za boila. Ndiyo maana rediata iliyojaa tope huwa ya moto juu na baridi chini, tofauti na ile yenye hewa, ambayo hubaki baridi juu. Watu wengi huitoa hewa rediata ya aina ya kwanza wakishangaa kwa nini hakuna kinachobadilika.

Kazi ya kulifungua boksi la boila mwachie fundi aliyesajiliwa kwa kazi za gesi. Mfuniko huo mara nyingi ni sehemu ya kizuizi cha moshi, na ukirudishwa vibaya, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, inaweza kuingia chumbani. Gesi hiyo haina harufu, kwa hiyo usiitegemee pua. Weka king'ora chake.

Jibu la tatu

Nina nyongeza ndogo. Kama boila yako ni ya aina inayogeuza mvuke wa moshi kuwa maji ili kuvuna joto lake, punguza joto la maji yanayokwenda kwenye rediata kutoka nyuzi 80 hadi 60 hivi. Maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55, ndipo uvunaji huo unapofanyika vizuri. Maji pia hayatatanuka sana kama awali, ingawa hilo halitaliponya tatizo lako. Ikiwa una tangi la kuhifadhi maji ya kuogea, lenyewe liache kwenye nyuzi 60, kwani bakteria hustawi katika maji ya uvuguvugu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Boila ikiwa imezimwa, mshale haukusogea. Ilipowaka ulipanda, na asubuhi kopo lilikuwa na karibu lita moja. Fundi aliondoa kwanza presha yote ya maji, akapima chombo na kukuta hakina hewa kabisa, lakini kwa kuwa kijivali chake cha kujazia hewa hakikutoa maji alisema utando haujapasuka, akakijaza hadi bar 1. Aliibadilisha pia vali ya usalama, kwa maelezo kwamba ikishafunguka mara nyingi hunasa uchafu na haikai tena vizuri. Sasa ni siku ya kumi na moja, mshale uko 1.3 asubuhi na 1.7 jioni, na kibomba cha nje ni kikavu.