Tupeane uzoefu: kupanga mwezi mzima wa kutembea miji ya Ulaya ukitokea Unguja au Pemba

MtuWaShangani (mwanzisha mada)

Asalaam alaykum nyote. Maswali ya safari ya Ulaya yanakuja mojamoja, huyu viza, yule tiketi, na majibu yanapotea. Tuyaweke pamoja hapa. Ombi langu moja tu: tusisimuliane safari. Andika utaratibu, kiasi, muda, na pale watu wanapokwama na sababu yake.

Naanza na jambo ambalo wengi huliacha mwisho, nalo ni mgawanyo wa usiku. Kabla ya ndege, kabla ya viza, chukua karatasi uandike kila mji na idadi ya usiku utakaolala. Mfano wa usiku 30: Paris 5, Amsterdam 4, Berlin 4, Prague 3, Vienna 4, Venice 2, Florence 3, Roma 5.

Sasa jumlisha kwa nchi. Ufaransa 5, Uholanzi 4, Ujerumani 4, Cheki 3, Austria 4, Italia 10. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni kuwa ombi la viza hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi. Zikilingana, ndipo inapoangaliwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hivyo ombi la ratiba hii ni la Italia, hata kama ndege inatua Paris. Watu huenda kwa Wafaransa kwa kuwa tiketi imeandikwa Paris, wanarudishwa, na miadi ya pengine haipatikani kwa haraka.

Na miji minane ni mingi mno. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga begi, kuacha chumba asubuhi, treni, kusubiri chumba kipya mchana. Sita inatosha. Lakini angalia kinachotokea ukipunguza: ukifuta Prague na Venice, ule usiku 5 ukaupeleka Paris, Ufaransa inakuwa 10 na Italia 8. Ubalozi umeshabadilika. Karatasi ikamilike kwanza, ndipo uombe miadi.

Bi_Chake

Waalaykum salaam. Kaka hapo juu kasema kweli, nami naingia kwenye makaratasi.

Usiku 30 ni siku 31. Siku ya kuingia huhesabiwa na siku ya kutoka huhesabiwa. Mtu akijaza 30 kwenye fomu, anaweza kupewa siku 30, na siku ya kuondoka anakuwa amezidisha muda. Viza ikitoka, soma stika hapo hapo kabla hujaondoka dirishani. Kuna tarehe za kuanzia na kuishia, na kuna idadi ya siku za kukaa. Ni vitu viwili tofauti: tarehe zinaweza kukupa nafasi ya siku 46 huku siku za kukaa zikiwa 31, na inayokufunga ni 31.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure. Ukikataliwa hairudi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45, basi mwenye akili anapeleka miezi miwili au mitatu kabla. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, pamoja na matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Bima nyingine huandikwa nchi moja tu, na hiyo haitoshi.

Kwetu Zanzibar ombi hukwama zaidi kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kina Mohamed, kitambulisho cha Mzanzibari kina Muhammed, pasi ina Mohammed, na jina la babu liko kwenye kimoja halipo kwenye kingine. Afisa wa viza hajui kama ni mtu mmoja. Rekebisha mapema, au uwe na kiapo cha mahakama kinachoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa vilivyoandikwa kwa Kiswahili vifasiriwe kwa Kiingereza. Barua ya sheha ni nzuri kuthibitisha makaazi, lakini peke yake haina uzito kama barua ya likizo kutoka kazini au leseni ya biashara na karatasi za kodi.

Taarifa ya benki ndiyo inayosomwa kwa makini. Wanataka kuona mwendo wa miezi kadhaa: mshahara ukiingia, matumizi yakitoka. Milioni kumi zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi zinaonekana ni za kuazima, na mara nyingi ndivyo zilivyo! Kama ni pesa za kiwanja ulichouza, weka hati ya mauzo pamoja nayo. Kwa kipimo tu: Ufaransa huhesabu euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyothibitishwa na euro 120 kwa asiyekuwa nayo.

Usilipe tiketi ya ndege kabla ya viza. Shikisha nafasi tu, na hoteli chagua zile za kufuta bila malipo. Viza ikitoka ndipo ulipe.

Alama za vidole lazima uende mwenyewe Dar, ila watoto chini ya miaka 12. Zikishachukuliwa hutumika miezi 59, kwa hivyo safari ya pili huenda usiitwe kwa ajili ya vidole. Mnaotoka Pemba, msiweke miadi ya asubuhi mkategemea boti ya siku ileile. Kusi likivuma, boti haina ahadi.

SwaliTu_Mkoani

Shukran Bi Chake. Na London je? Naona treni kutoka Paris ni fupi tu.

Bi_Chake

Fupi, ila viza ni nyingine kabisa. Uingereza haimo kwenye Schengen, na Ireland pia haimo. Halafu tazama unaiweka wapi. London ikiwa mwanzo au mwisho wa safari, viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha. Ikiwa katikati, ukitoka Paris kwenda London umeshaitumia ile mara moja, na Amsterdam huingii. Hapo uombe ya kuingia mara mbili au zaidi na ratiba ionyeshe sababu. Mwanangu, kwa safari ya kwanza iache.

RatibaYaReli

Ndege kwanza. Tafuta tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwenye tovuti usibonyeze kwenda na kurudi, bonyeza miji mingi: Zanzibar–Paris, kisha Roma–Zanzibar. Mara nyingi bei haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja, na unaokoa siku nzima pamoja na nauli ya kurudi Paris. Ukipita Doha, Istanbul au Addis Ababa, ukaguzi wa Schengen unakuwa kituo cha mwisho. Lakini tiketi yako ikibadilisha ndege ndani ya Schengen, kwa mfano Frankfurt kisha Paris, ukaguzi ni Frankfurt. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza mfumo mpya wa kusajili wageni mpakani kwa picha na alama za vidole badala ya muhuri, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Muda wa kubadilisha ndege usiwe chini ya saa mbili na nusu.

Treni za ratiba ya juu, kwa makadirio: Paris–Amsterdam saa 3 na dakika 20 kwa treni ya kasi ya Eurostar, Amsterdam–Berlin saa 6, Berlin–Prague saa 4 na kidogo, Prague–Vienna saa 4, Vienna–Venice karibu saa 8, Venice–Florence saa 2 na kidogo, Florence–Roma saa 1 na nusu.

Bei za treni za kasi hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kama za ndege. Treni ndogo za mikoani bei yake haibadiliki, hizo nunua siku hiyohiyo. Kuna pasi ya reli iitwayo Eurail kwa tunaoishi nje ya Ulaya, na kuna ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Ratiba hii ina mihamo 7, kwa hivyo inaonekana kama imeshonwa kwa ajili yake. Polepole! Eurostar na treni za kasi za Italia zinadai ulipie siti juu ya pasi, na siti za wenye pasi ni chache. Piga hesabu: jumlisha tiketi saba zilizonunuliwa mapema, linganisha na pasi pamoja na malipo ya siti. Pasi inafaa kwa anayetaka kubadilisha siku akiwa njiani. Aliyekwisha kulipia hoteli zote haina faida kwake.

Makosa matatu ya tiketi. Saa zao ni za mzunguko wa 24, hivyo 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku. Treni ya 00:10 ya tarehe 15 unaipanda usiku wa kuamkia tarehe 15, si usiku unaofuata. Na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoani Italia, au ya metro na tramu Prague na Vienna, lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kuanza safari. Usipoigonga unahesabika huna tiketi, na faini hulipwa papo hapo.

Mwanaharusi_MK

Kabla ya kulipia usiku wowote, angalia siku za kufungwa kwa makumbusho. Louvre ya Paris Jumanne. Musée d'Orsay, Paris hiyohiyo, Jumatatu. Uffizi ya Florence Jumatatu. Makumbusho ya Vatican Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, tiketi zake hutolewa mtandaoni kila Jumanne kwa ajili ya wiki 6 mbele, na huisha haraka. Colosseum ya Roma tiketi ina jina, liwe lilelile la kwenye pasi.

Makanisa makubwa ya Roma yanataka mabega na magoti yafunikwe. Sisi tunaowabandikia watalii vibao vya mavazi Mji Mkongwe hatuna la kulalamika.

Ongezeni kodi ya watalii kwenye bajeti. Mara nyingi haimo kwenye bei ya hoteli mtandaoni, na sehemu nyingi hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Amsterdam ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba.

AbuSalim_Wete

Kibla: hapa kwetu ni kaskazini takriban moja kwa moja. Paris, Amsterdam, Vienna, Roma, kote ni kusini-mashariki. Mazoea yanampeleka mtu upande siwo, basi tumia dira ya simu, na uiweke mbali na chuma.

Nyakati ndizo zinazochanganya. Amsterdam mwishoni mwa Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na Isha inasogea kwenye saa sita. Anayetaka siku zinazofanana na zetu aende Septemba: mchana na usiku vinakaribiana, na baridi haijakaza. Msikiti Mkuu wa Paris, wa mwaka 1926, uko karibu na metro ya Place Monge. Vienna kuna Kituo cha Kiislamu karibu na stesheni ya Neue Donau ya metro U6. Wa Roma uko kaskazini, mbali na katikati ya mji, kwa hivyo siku ya Ijumaa tenga mchana wote.

Chakula: halali ni rahisi Paris, Berlin na Amsterdam kwenye mitaa ya Waturuki na Wamoroko, ngumu kidogo Prague na Florence. Ukikwama, samaki au mboga, lakini uliza mafuta na supu, maana maharage huweza kupikwa na nguruwe. Peremende na keki tazama jelatini. Vyoo vingi havina maji ya kutawadha, chupa ndogo isikose begini. Sarafu za senti 50 na euro 1 pia weka, vyoo vya stesheni ni vya kulipia.

SwaliTu_Mkoani

Simu, umeme na pesa? Na je, naweza kumchukulia shangazi embe na doriani?

FundiWaWete

Umeme ni volti 230 kama wetu, huhitaji transfoma. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii, wao ni miguu miwili ya duara. Nunua adapta moja na uende na kebo ya kugawa umeme ya hapa nyumbani: adapta moja inalisha chaji zote. Iwe ya miguu miwili myembamba, hiyo inaingia mpaka Italia.

Laini ukinunua Paris inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya bila kulipia zaidi, ila Uswisi haimo. Nenda dukani na pasi, nchi nyingi husajili.

Shilingi hazibadilishwi huko. Chukua euro kiasi cha siku tatu nne, noti za 20 na 50, na kabla hujaondoka mwambie afisa wa benki aifungue kadi kwa matumizi ya nje, vinginevyo inakataa ATM ya kwanza. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaopanga kiwango, na hakikufai. Ukibeba taslimu euro 10,000 au zaidi, lazima uitangaze forodhani.

Embe bila cheti cha afya ya mimea linachukuliwa uwanjani. Nyama na maziwa haviingii kabisa, hata halua ya samli usijaribu. Matunda yanayoruhusiwa bila cheti ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Doriani sheria ya Ulaya inalikubali, lakini harufu yake mashirika ya ndege hayaitaki. Mpelekee shangazi nazi, ifue kabisa, uifunge kwenye nguo katikati ya begi la chini.