Otopailoti ya umeme au usukani wa upepo? Boti ya futi 28, Mikindani

FundiFriji_Mikindani

Wakuu, habari za kusi. Mimi na shemeji yangu tuna boti ya tanga, faiba, futi 28, mlingoti mmoja, inaendeshwa kwa kana, ule mpini wa usukani, haina gurudumu. Mwenye nayo aliitelekeza hapa Mikindani miaka mingi, tukaichukua kwa hela ya korosho. Makaratasi yanasema tani 3.2 ikiwa tupu.

Mwezi jana tuliipeleka Lindi. Kwenda tulipata upepo mzuri wa nyuma, ila kana haikutupa nafasi hata ya kumega mkate. Kufika Lindi shemeji anashindwa kuinua kikombe cha chai, mkono unatetemeka. Kurudi tulitumia injini usiku, hiyo siihesabu. Sasa tunaitaka Kilwa, kama maili 90 za bahari, na mwendo wetu ni maili 5 kwa saa. Saa 18, watu wawili, kana moja.

Naweza kuagiza otopailoti ya umeme, kifaa cha kushika kana chenyewe, Raymarine ST1000 au ST2000. Au kuna jamaa Dar anauza usukani wa upepo uliotumika, ule wa kufungwa tezini, nyuma ya boti, wenye bawa juu na kasia majini, anataka milioni 3. Jamaa mwingine ananiambia nisihangaike na vitoto, nifunge mashine kubwa ya haidroliki ndani ya boti. Nina betri moja ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 na sola ya wati 100. Halafu kabatini nimekuta ST1000 ya zamani, haiwaki. Nishaurini.

mzee_wa_Sudi

Mwanangu, kabla ya mashine nijibu moja. Upepo ukiwa wa mbavu, ukiachia kana, chombo kinakwenda wapi?

FundiFriji_Mikindani

Shikamoo mzee. Kinakimbilia joshini, kule upepo unakotoka, tena kwa nguvu. Ndiyo maana shemeji alichoka.

mzee_wa_Sudi

Marahaba. Basi chombo chako kina ugomvi na usukani wake, na wewe unataka kukodi mtu wa kugombana badala yako. Huyo mtu wa umeme naye atachoka, tena atachoka akiwa anakunywa betri yako. Punguza tanga kubwa mapema, kabla mbavu hazijalala majini. Tanga lililotuna kama gunia livute liwe bapa. Angalia mlingoti wako, kama umelala sana kuelekea tezi usogeze mbele kidogo kwa kamba zake. Na chini umepasafisha lini? Majahazini tulifunga kana kwa kamba na nahodha akanywa kahawa. Hatukuwa wachawi, chombo kilikuwa kimepangwa.

umeme_Shangani

Mzee kaanza mahali penyewe. Yule Joshua Slocum aliyezunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 alikuwa na boti yake Spray tu na usukani uliofungwa, hakuna cha betri. Ila Spray ilikuwa na mkuku mrefu, ule uti wa chini ya chombo. Hizi faiba za mkuku mfupi hazitulii hivyo, kwa hiyo kifaa utahitaji.

Sasa uzito, maana hapo ndipo watu wengi huliwa hela. Usihesabu boti tupu. Weka maji, mafuta, nanga na mnyororo wake, watu wanne, vyakula, utafika tani 4. Mtengenezaji wa ST1000 mwenyewe anaiwekea ukomo wa tani 3, na ST2000 tani 4.5. Mazoea ya mabaharia ni kuacha asilimia 20 ya ziada juu ya uzito halisi. Tani 4 ukiongeza hiyo unapata 4.8. Maana yake ST1000 si yako, na ST2000 iko ukingoni. Bahari shwari itakwenda. Kusi ya Julai ikikusukuma kutoka nyuma, wimbi linanyanyua tezi na kuizungusha, kile kifimbo cha otopailoti kinachosukuma kana kitachelewa kila mara.

Ile ya haidroliki achana nayo. Inafaa boti nzito yenye nafasi chini na betri tatu nne. Kwako ni kufunga trekta kwenye bustani ya mchicha.

Umeme wako unatosha otopailoti ya kana. Ikiwa kazini hula kati ya ampea 0.5 na 1.5 kwa wastani, tuseme 1. Saa 18 ni Ah 18. Taa, redio na simu weka 12. Jumla 30. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia, na sola ya wati 100 kwa jua letu ikikosa kivuli cha tanga hukurudishia kama Ah 30 kwa siku.

Tatizo litakuwa waya. Nimefungua boti mbili hapa Mtwara, zote mtu kavuta waya wa spika hadi tezini. Mota ikivuta ampea 3, umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.4. Betri ikiwa imechoka alfajiri, kifaa kinaona volti ndogo, kinazima, kinawaka tena kikiwa kimesahau njia. Mtu analaumu otopailoti. Weka 2.5, wa shaba iliyopakwa bati kama unaupata, fyuzi yake peke yake, na usipitishe kwenye swichi moja na taa.

kodi_na_chumvi

Mkuu usinunue, tengeneza! Kuna programu huria inaitwa pypilot, kaanzisha baharia anaitwa Sean D'Epagnier, inatembea kwenye kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi. Unaongeza kihisi cha mwelekeo na kidhibiti cha mota, na mota yenyewe wengine hutumia ya waipa za gari. Waipa unapata kwa mafundi magari hapo mjini, ikifa unanunua nyingine siku hiyohiyo. ST2000 ikifa unasubiri mzigo wiki ngapi?

umeme_Shangani

Hoja ya vipuri naikubali kabisa. Ila dogo, umeshawahi kuiacha hiyo sakiti nje wiki moja msimu wa kusi? Mimi natengeneza redio za boti. Chumvi ya hapa inaingia mahali ambapo wewe mwenyewe hujui kama pana tundu.

kodi_na_chumvi

Boksi lisilopitisha maji, silika ndani. Lakini sawa, yangu imekaa miezi minne tu, nisijitape.

dada_wa_Rahaleo

Kaka zangu mnaongea ampea, mimi naongea mtu. Boti inayoshikwa kwa mkono, aliyeshika akidondoka, mara nyingi itageuka kutafuta upepo na kusimama. Yenye otopailoti inaendelea na safari yake vizuri kabisa bila wewe. Kwetu sheria ni moja: kifaa kikiwashwa, mkanda unafungwa kwenye kamba iliyolazwa kutoka omo, mbele, hadi tezi. Hata mchana, hata kwenda kukojoa. Mume wangu alicheka mwanzoni.

Pili, kifaa kinashika njia, hakioni. Usiku kati ya hapa na Lindi kuna wavuvi wa dagaa wenye taa, hao unawaona. Usiowaona ni ngalawa isiyo na taa na nyavu zilizoelea. AIS, mtambo wa kupokea ishara za vyombo vingine, nayo haiwaoni, maana hawana. Itakusaidia kwa meli za makaa ya mawe zinazokuja bandari ya Mtwara, kwa hiyo inafaa, ila isikulaze. Sisi mmoja anatazama pande zote kila dakika 10. Na mlango wa ghuba ya Mikindani, miamba ile, shika kana mwenyewe.

FundiFriji_Mikindani

Dada ahsante, hilo la mkanda sikuwa nimeliwaza kabisa. Sasa wakuu, na ule usukani wa upepo? Milioni 3 si ndogo.

Kivinje_tezi

Ninao, mwaka wa nne huu. Mpya vingi vinapita milioni 10 kabla ya usafiri, kwa hiyo milioni 3 si mbaya kama haujavunjika.

Kazi yake ni hivi. Bawa la juu linasikia upepo. Boti ikitoka kwenye njia, bawa linalala, linakunja kasia lililo majini kidogo tu. Maji yanayopita yanalisukuma kasia upande, kwa nguvu ambayo mkono wako hauna, na kasia linavuta kamba mbili zilizofungwa kwenye kana. Kadiri boti inavyokimbia ndivyo nguvu inavyozidi. Umeme sifuri. Kusi inapovuma kweli, pale ambapo kifimbo cha umeme kinaomba msamaha, huu ndio unaamka.

Mabaya yake. Unafuata upepo, haufuati dira. Upepo ukigeuka, na boti inageuka nao, kimyakimya. Hapa kwetu kuna miamba, kwa hiyo tazama dira na simu yenye ramani. La pili, upepo mwepesi wa nyuma. Ukienda Kilwa na kusi upepo uko karibu tezini moja kwa moja, na unaolifikia bawa ni ule uliobaki baada ya kutoa mwendo wako. Kusi ya maili 15 inabaki 10, safi. Matlai ya maili 7 inabaki 2 au 3, bawa linasinzia. Usielekeze tezi moja kwa moja kwenye upepo, kaa pembeni kidogo, tena utaepuka tanga kupinduka na boriti yake ya chini kufagia vichwa.

La tatu mimi nilijifunza kwa hasara. Kamba za kwenda kwenye kana zisiwe na mlegezo hata wa vidole viwili, na ziwe zisizonyumbuka. Za kwangu zilikuwa za nailoni, boti ikaandika nane baharini usiku mzima, nikaulaani usukani bure.

Utunzaji: maji baridi kila ukirudi. Bearingi za plastiki usizipake grisi, inashika mchanga na chumvi ikawa msasa. Kasia livutwe juu ukitia nanga, vinginevyo wiki tatu tu lina ndevu.

Halafu sikiliza. Hiyo ST1000 yako mbovu usiitupe. Ikipona, ng'oa bawa la upepo, funga kile kifimbo kidogo kwenye mkono wa bawa. Kinasukuma kitu chepesi kama mlango wa kabati, na kasia linafanya kazi nzito. Unapata njia ya dira kwa umeme kidogo mno, hata upepo ukiwa mwepesi au unakwenda kwa injini, mradi maji ya propela hayalitikisi kasia. Ile tani 3 ya mtengenezaji hapo haikuhusu.

umeme_Shangani

Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo ningefanya. Fungua kwanza plagi ya ST1000. Ukiona pini za kijani umeshampata mchawi. Na ukiifunga, isikae karibu na spika ya redio wala nanga ya akiba, ina dira ndani.

mzee_wa_Sudi

Na kama hela ya kusafiri nayo Dar haijapatikana, wakati huu chukua tyubu ya baiskeli. Kamba kutoka kwenye demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ipitishe kapi, uifunge kwenye kana upande wa joshini. Tyubu ifunge upande wa pili, ivute kinyume. Chombo kikitaka kupanda upepo, tanga linavuta zaidi, kamba inaleta kana joshini, omo inarudi. Ikipungua, tyubu inarudisha. Upepo wa mbavu inafanya kazi, wa tezi haiwezi. Bei yake ni tyubu.

FundiFriji_Mikindani

Narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Tuliipweleza, yaani tuliiacha ikae nchi kavu maji yalipotoka, wakati wa bamvua. Chini kulikuwa na msitu, usukani wenyewe ulikuwa mnene kwa makombe. Mlingoti tumeusogeza mbele kwa kukaza kamba ya mbele mizunguko mitano. Tukatoka na tanga kubwa limepunguzwa mkunjo mmoja, nikashika kana kwa vidole viwili, shemeji akadhani natania. Tyubu ya mzee ilitupeleka karibu saa nzima bila kugusa, upepo wa mbavu, hadi watoto wa ngalawa wakasimama kututazama.

ST1000: pini za kijani, kama alivyosema fundi. Nimekata plagi, nimeweka mpya, inawaka na fimbo inatoka na kuingia. Kesi yake nimeziba upya kwa silikoni, na nimeishonea koti la turubai. Hiyo sipeleki kwenye kana.

Dar nilikwenda. Usukani wa upepo una ufa kwenye kasia, mwenyewe hakuniambia kwenye simu. Tumeshuka hadi milioni 2.2, kasia nitachonga la mbao nililaze faiba. Umeshafika, uko sebuleni, mama watoto anauanikia kanga. Nimebakiwa na fremu ya kuufunga tezini. Nani anachomelea chuma kisichoshika kutu, hapa au Lindi, ambaye hatanipa bomba la mlango wa geti?

Safari nimepanga wiki ijayo kama TMA, watu wa hali ya hewa, hawatatoa ile tahadhari yao ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kurudi tutasubiri kaskazi, boti ilale Kilwa, maana kusi na mkondo wa kwenda kaskazini siviwezi vyote viwili.

Kivinje_tezi

Fremu ifungwe na bamba la nyuma ndani ya tezi, si nati na washa tu. Ukifika Kilwa Masoko nitafute, boti naiangalia mimi.

mzee_wa_Sudi

Kasia ulichonge kwa mti gani?

FundiFriji_Mikindani

Mninga mzee, ninao ubao.

mzee_wa_Sudi

Mninga sawa. Usilipake faiba kabla sijaliona. Ijumaa nakuja Mikindani, mwambie mama watoto achemshe ming'oko.